Muziki wa ukumbini kwa filamu za kwanza za katuni za Kijapani: jibu kwa mpiga fidla wa Unguja

Mwalimu mmoja wa muziki wa Unguja, ambaye ni mpiga fidla, ameniandikia kwamba kikundi chake kimealikwa kupiga muziki ukumbini wakati zitakapoonyeshwa filamu mbili za kale za katuni kutoka Japani. Ya kwanza ni Namakura Gatana, iliyotengenezwa na Kōuchi Jun'ichi mwaka 1917, na ya pili ni Kobu-tori, ya Murata Yasuji ya mwaka 1929. Zote mbili hazina sauti. Anauliza kama filamu hizo zilikuwa na muziki wake wa asili, kama inafaa wapige kwa ala zao za taarabu na kidumbaki, yaani muziki wa ngoma na fidla wa arusi za Unguja, au watafute namna ya kuiga sauti za Kijapani, na kama muziki unapaswa kufuata kila kitendo kinachoonekana kwenye pazia.

Mwalimu, nianze na lile ambalo naona linakuhangaisha zaidi. Hakuna nota za asili zilizopotea ambazo mnawajibika kuzitafuta. Filamu hizi ziliuzwa na kukodishwa zikiwa picha tupu, na muziki ulikuwa mali ya ukumbi, maana yake ni kwamba filamu ileile iliweza kupigiwa shamiseni, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu, na ngoma katika ukumbi mmoja wa Tokyo, kupigiwa fidla na piano katika ukumbi wa mtaa wa pili, na kuonyeshwa shuleni bila ala yoyote, mwalimu akiwasimulia wanafunzi kinachotokea. Kwa hiyo hamtaiharibu kazi ya mtu kwa kutunga muziki wenu. Mtaiharibu mkisahau jambo jingine, ambalo wengi wanaoandaa maonyesho ya namna hii nje ya Japani hulisahau: muziki haukuwa peke yake ukumbini. Ulimtumikia msimulizi.

Msimulizi huyo aliitwa benshi. Alisimama kando ya pazia, kwa kawaida upande wa kushoto, penye meza ndogo yenye taa hafifu, akaeleza hadithi, akasema maneno ya kila mhusika kwa sauti tofauti, akatia maoni yake, na alipotaka alinyamaza. Katika miaka ya 1920 walikuwapo benshi zaidi ya 6,000 nchini Japani, wakiwamo wanawake, na majina ya walio mashuhuri, kama Tokugawa Musei na Ikoma Raiyū, yaliwavuta watu ukumbini pengine kuliko majina ya waigizaji. Benshi mkuu wa ukumbi aliweza hata kumwashiria mwendesha projekta aongeze au apunguze kasi ili picha ilingane na maneno yake. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliokulia kwenye vibanda vya video hawahitaji maelezo marefu hapa, kwani wamemsikia Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, au DJ Afro kule Kenya. Tofauti iliyo muhimu kwako ni kwamba watafsiri wetu husema juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa, na benshi alisema pamoja na wapigaji walio hai, waliomsikiliza na kumpisha.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wenu wa kwanza uwe nani atasimulia, na uamuzi wa ala uje baadaye. Tafuteni mtu mwenye sauti na subira, mumpe tafsiri ya vibao vya maandishi vilivyomo katika filamu, kisha mumwache aitunge hadithi yake kwa Kiswahili kizuri badala ya kuvisoma vibao kama tangazo. Akitaka kuanza na paukwa pakawa, sioni ubaya, kwa kuwa Kobu-tori ni hadithi ya kale ya mapokeo ambayo wazee wa Japani waliwasimulia watoto kabla ya kuwapo sinema. Anachopaswa kukijua ni kwamba kusema mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho kunawachosha watazamaji na kunawanyima wapigaji nafasi. Msimulizi na kikundi wakae chini pamoja, waipitie filamu kipande kwa kipande, na kukubaliana mahali pa maneno peke yake, mahali pa muziki peke yake, mahali pa vyote viwili, na mahali pasipo na sauti yoyote.

Kuhusu ala, jibu linapatikana katika historia ya kumbi zenyewe. Sinema ilipoingia Japani mwishoni mwa karne ya 19, bendi za matarumbeta na ngoma zilipigwa nje ya mlango ili kuvuta wateja. Ndani, filamu za Kijapani zilipigiwa shamiseni na ngoma kwa kufuata desturi za kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, na filamu za kutoka Ulaya na Marekani zikapigiwa fidla, klarineti, korneti (aina ya tarumbeta fupi) na piano. Kufikia miaka ya 1920 mipaka hiyo ilikuwa imevunjika, na katika kumbi nyingi shamiseni na ngoma za Kijapani zilikaa katika kikundi kimoja na fidla na ala za kupuliza za Ulaya. Wapigaji walikuwa na akiba ya vipande vifupi, kimoja cha mapigano, kimoja cha majonzi, kimoja cha safari, kingine cha vichekesho, na waliviunganisha upya kwa kila filamu. Baadhi ya vipande vilitungwa Japani, na vingine vilitoka katika vitabu vya muziki wa sinema vilivyochapishwa Marekani. Makumbusho ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, mjini Tokyo, yanahifadhi nota za namna hiyo katika hazina iitwayo Mkusanyiko wa Hirano, na zinaonyesha mchanganyiko huo bayana.

Kwa hiyo mtu wa Tokyo wa mwaka 1929 asingeshangaa kusikia fidla ikipigwa juu ya picha ya zimwi la milimani. Nakushauri kwa moyo wote msijaribu kuigiza Ujapani kwa kushika sauti tano za kinanda na kuzirudiarudia. Uigaji wa aina hiyo unasikika mara moja kuwa ni wa bandia, na unawafanya wahusika kuwa vikaragosi vya nchi yao. Pigeni kidumbaki, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), nai (filimbi), rika (tari ndogo) na akodioni kwa namna mnavyozijua. Kikundi cha taarabu tayari kina stadi ambayo wapigaji wengine huchukua muda mrefu kuipata, yaani kumfuata mwimbaji anayenyoosha neno au kukatisha ubeti pasipo taarifa, na stadi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kwa msimulizi.

Lipo hata hivyo jambo moja la Kijapani linalostahili kujifunzwa, si kwa kuigwa mlio wake bali kwa kufahamu mantiki yake. Baadhi ya wapigaji wa kabuki hukaa pembeni ya jukwaa, wasionekane na watazamaji, na wana msamiati mzima wa sauti zenye maana inayojulikana na wote. Ngoma kubwa ikipigwa polepole kwa fimbo iliyofungwa kitambaa, mtazamaji anajua theluji inaanguka, ingawa theluji halisi haina sauti. Ngoma hiyohiyo ikipigwa mfululizo kwa sauti ya chini inayopanda na kushuka, anajua mzimu unakaribia. Mhusika akikimbia au akisimama ghafla katika mkao wa ushujaa, vipande viwili vya mbao hupigwa juu ya ubao ulio sakafuni, mlio mkavu, mara chache tu. Sauti hizi haziigi kitu jinsi kilivyo, bali zinaafikiana na mtazamaji. Nanyi mnaweza kuweka maafikiano yenu, mradi yawe machache na yarudie vilevile kila yanapohitajika. Mkwasa wa kidumbaki, yaani vijiti viwili vinavyogonganishwa, kwa mfano, unafaa sana kwa kazi ya zile mbao mbili, na ningeuhifadhi kwa ajili hiyo peke yake usiku mzima, ili kila unapolia masikio yaelewe.

Sasa tuingie katika Namakura Gatana, ambayo ni fupi mno, ya dakika chache tu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Asakusa, mtaa wa burudani wa Tokyo, mwezi Juni mwaka 1917, mwaka uleule ambao Shimokawa Ōten na Kitayama Seitarō nao walitoa katuni zao. Filamu nyingi za wakati huo zimepotea, na tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923 lilichangia upotevu huo. Hii ilidhaniwa imepotea pia hadi nakala yake ilipopatikana mwaka 2007 katika soko la vitu vya kale mjini Osaka. Inamhusu samurai mpumbavu aliyenunua upanga butu, akatoka usiku kuujaribu kwa wapita njia. Anamvamia kipofu mkandaji, anapigwa teke. Anamvamia tarishi, anapata aibu nyingine.

Kishawishi hapa ni kupiga muziki wa haraka na wa kuchekesha kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Ningekipinga. Kichekesho kinatokana na samurai kujiona mtu wa maana, basi mpeni muziki wa mtu wa maana: udi peke yake, mwendo mzito, mahadhi ya heshima kabisa. Anaponyatia, punguzeni hadi ibaki rika ikiguswa kwa ncha za vidole, kisha nyamazeni kabisa kabla hajapiga. Pigo likitua vibaya, mkwasa mara moja, basi. Yule kipofu asipigiwe sauti za kumdhihaki, kwa kuwa yeye ndiye mshindi wa kisa hicho, na watazamaji watacheka vizuri zaidi wakiona utulivu wake. Kisha udi uanze tena kwa heshima ileile kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo mtakaposikia ukumbi ukicheka.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisheni mnajua kasi ya nakala mtakayoonyeshwa. Filamu bubu ziliendeshwa kwa mkono, mara nyingi kwa fremu 16 hadi 18 kwa sekunde, na filamu za sauti zilipokuja kasi ikawekwa kuwa 24. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa mita 300 unachukua zaidi ya dakika 16 ukiendeshwa kwa fremu 16, na karibu dakika 11 tu ukiendeshwa kwa fremu 24. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya dakika tano katika kazi moja, na kikundi kilichofanya mazoezi kwa faili moja kikakuta nyingine ukumbini kitaaibika. Aidha, nakala zinazozunguka za filamu hizi hazina urefu sawa, kwa sababu vipande vilipatikana mahali tofauti na vikakarabatiwa na watu tofauti. Waombeni waandaaji faili ileile itakayoonyeshwa, si nyingine inayofanana nayo, na mpige mazoezi yote kwayo. Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya Japani, ambayo ipo Tokyo, iliweka makumi ya katuni za zamani mtandaoni mwaka 2017 kwa maadhimisho ya miaka 100 ya katuni za Kijapani. Zitawasaidia kuzoesha macho, ila zisichukue nafasi ya nakala yenu.

Kobu-tori ndiyo itakayowapa kazi, na ndiyo ninayoionea shauku zaidi, kwa sababu hadithi yenyewe inasimama juu ya muziki ambao hausikiki. Mzee mmoja ana uvimbe mkubwa shavuni. Anakwama mlimani usiku, anawakuta mazimwi wakifanya karamu na kucheza, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu wa furaha hawezi kujizuia, anatoka mafichoni na kucheza nao. Mazimwi wanafurahi hata wanauchukua uvimbe wake uwe rehani, ili arudi kesho. Jirani yake, ambaye pia ana uvimbe, anasikia habari hiyo na kwenda usiku unaofuata, lakini anacheza vibaya, na mazimwi kwa hasira wanambandika uvimbe wa yule wa kwanza, akarudi nyumbani na wa pili.

Murata alikuwa fundi wa picha za karatasi zilizokatwa. Alifanya kazi katika kampuni ya Yokohama Cinema Shōkai, ambayo ilitengeneza filamu nyingi za elimu, wakati ambapo karatasi angavu za seluloidi, ambazo katuni huchorwa juu yake, zilikuwa ghali mno kwa mafundi wengi wa Japani. Vipande vya karatasi hutembea vizuri, na pia husimama vizuri, kwa hiyo katika filamu za namna hii mtaona wahusika wakitulia muda mrefu kidogo kuliko tulivyozoea leo. Watazamaji wa sasa hudhani huo ni udhaifu. Mimi naamini ukumbini ulikuwa na faida yake, maana picha iliyotulia ilimpa benshi nafasi ya kusema bila macho ya watu kuvutwa kwingine. Mnapokutana na utulivu huo, msiujaze. Mwachieni msimulizi, na chini yake iwepo noti moja ndefu ya nai au pasiwepo kitu.

Karamu ya mazimwi, kwa upande mwingine, ipigeni kwa nguvu zenu zote. Hapa ndipo kidumbaki kinapostahili: fidla mbele, sanduku lenye uzi likishika besi, ngoma mbili ndogo na cherewa za kutikiswa, mwendo wa ngoma ya arusi usiokatika. Msimulizi anyamaze kabisa. Watazamaji wa Unguja wanajua fidla ya kidumbaki inapomwambia mtu ainuke, na watamwelewa mzee yule kuliko maneno yoyote yatakavyoeleza. Msijali sana kwamba mguu wa mzee haushuki sawasawa na pigo la ngoma. Jicho lina ukarimu mkubwa katika jambo hili. Mwendo ukikaribiana na mwendo wa picha, mtazamaji mwenyewe ataziunganisha.

Kisha inakuja ngoma ya usiku wa pili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa karibu kila kikundi hufanya vivyo hivyo: jirani akicheza vibaya, wapigaji nao huanza kupiga vibaya. Fidla inakwaruza, ngoma inajikwaa, na watu wanacheka kidogo, lakini maana ya hadithi inapotea. Katika kisa chenyewe mazimwi ndio wenye ngoma, na ngoma yao ni nzuri usiku wa pili kama ilivyokuwa usiku wa kwanza. Aliyeshindwa ni mchezaji. Pigeni muziki uleule, kwa ufundi uleule, mwendo uleule bila kumsubiri, na jirani aachwe nyuma peke yake. Watazamaji wataona kwa macho yao na kusikia kwa masikio yao kwamba mtu huyu hasikii kitu ambacho kila mtu mwingine anakisikia. Mazimwi wakikasirika, katisheni ngoma katikati ya pigo.

Kuhusu swali lako la tatu, la kufuata kila kitendo, tabia hiyo ya muziki kuruka mhusika anaporuka na kuteleza anapoteleza ilikua pamoja na sauti iliyorekodiwa. Nchini Japani, Ōfuji Noburō alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu, kwa kutengeneza katuni zilizochezwa sambamba na santuri. Katika Kuro Nyago ya mwaka 1929 na Mura Matsuri ya mwaka 1930, wahusika wanacheza wimbo wa santuri hatua kwa hatua, na filamu ina urefu wa wimbo kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu. Katika miaka hiyo ya 1930 palikuwapo hata filamu za nyumbani zilizochapishwa kwenye karatasi, zilizoonyeshwa kwa mwanga unaoakisiwa badala ya kupenya, na baadhi ziliuzwa pamoja na santuri zake. Mwaka 1933 Masaoka Kenzō akatoa katuni yenye sauti kamili, na njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Benshi na wapigaji wa kumbi walikuwa wamegoma mwaka mmoja kabla kutetea kazi zao, lakini kumbi ziliendelea kuwaachisha.

Maana yake kwenu ni hii: mkionyeshwa siku moja mojawapo ya filamu hizo za santuri, hamna hiari, lazima wimbo wake uchezwe au ala zenu ziufuate pigo kwa pigo. Namakura Gatana na Kobu-tori hazikutengenezwa hivyo. Zilitengenezwa zikitegemea kwamba ukumbini watakuwapo watu hai wa kuamua. Chagueni matendo machache katika kila filamu ambayo lazima yapatane na sauti kwa usahihi kabisa, yafanyieni mazoezi mpaka yasiwahangaishe, na kwingineko mfuate hali ya kisa badala ya miguu ya wahusika. Mkitaka mfano wa walio hai, sikilizeni kikundi cha Colored Monotone kinachoongozwa na Yuasa Jōichi, ambacho kimekuwa kikiwasindikiza benshi wa leo kama Sawato Midori kwa kuchanganya ala za Kijapani na za Ulaya. Sikilizeni hasa ni mara ngapi wanaacha kupiga.

Yamebaki mambo ya ukumbi. Mkae kando ya pazia mahali ambapo wote mnaiona picha, hata mpiga sanduku, na ikiwa haiwezekani, awepo kiongozi mmoja anayeonwa na wote. Taa za kusomea nota zifunikwe upande wa pazia, kwa sababu filamu hizi zina weusi mwingi na mwanga kidogo tu unazififisha. Msimulizi apewe maikrofoni ikiwa ukumbi ni mkubwa, na ala zibaki bila umeme kadiri inavyowezekana, ili sauti yake isilazimike kushindana. Pigeni bashrafu, kipande cha ala kisicho na uimbaji, kabla ya taa kuzimwa, kwani kumbi za Japani nazo zilikuwa na desturi ya kupiga muziki kati ya filamu na filamu na watu waliupenda, kisha kaeni kimya kidogo kabla picha haijaanza.

Na kwa kuwa Namakura Gatana ni fupi, waombeni waandaaji waionyeshe mara mbili: kwanza msimulizi na udi kama nilivyoeleza, kisha, baada ya Kobu-tori, irudiwe bila msimulizi, kanuni peke yake ikishika kisa chote. Kama mpiga kanuni wenu ataridhia, aanze mazoezi ya kipande hicho mapema kuliko wengine, kwa sababu hatakuwa na mtu wa kumfuata.